Usisubiri Usiku wa Kuamkia Mtihani

Mazungumzo na wanafunzi wa sekondari, Igawa, Mbarali

Haya unayosoma ni mazungumzo niliyofanya na wanafunzi wa sekondari hapa Igawa, kando ya barabara kuu iendayo Tunduma. Siku ile malori yalikuwa yanapita kwa kelele na mimi nikawa napaza sauti kama muuza samaki. Wewe hukuwepo. Basi vuta kiti, keti, maana maneno haya ni yako pia.

Nilianza kwa swali moja: "Nani hapa anataka kuwa nesi?" Mikono ikanyooka mingi, ya wasichana na ya wavulana. Nikafurahi. Nikauliza la pili: "Na umefanya nini wiki hii ili ufike huko?" Kimya. Mikono ikashuka mmoja mmoja. Kijana mmoja wa kidato cha pili aliyekaa nyuma akasema bila wasiwasi, "Madam, mimi nitaanza kupiga msuli nikifika kidato cha nne." Darasa zima likacheka.

Na mimi nilicheka. Lakini nilicheka kwa sababu nilijiona mwenyewe pale nyuma. Jibu lake ndilo lililonifanya niache karatasi niliyoiandaa na kuzungumza nao habari hii.

KWA NINI NAWAZUNGUMZIA WANAFUNZI WA UUGUZI?

Kwanza, kwa sababu wako karibu nawe. Ukitoka hapa ukavuka kuingia mkoa wa Njombe, ambao hadi mwaka 2012 ulikuwa sehemu ya mkoa wa Iringa, utafika Ilembula. Pale kwenye hospitali ya Kilutheri kuna chuo cha uuguzi. Ukienda upande wa pili, Mbeya mjini nako kuna vyuo vya afya. Mwanafunzi aliyevaa sare ya uuguzi leo, juzi tu alikuwa kwenye dawati kama lako.

Pili, kwa sababu safari yao inaanzia hapo ulipokaa. Ili uombe nafasi ya stashahada ya uuguzi na ukunga, unatakiwa uwe umefaulu masomo yasiyopungua manne katika mtihani wa kidato cha nne, bila kuhesabu somo la dini. Kati ya hayo lazima pawepo Baiolojia, Kemia na Fizikia. Ukiwa umefaulu pia Hisabati na Kiingereza, nafasi yako inakuwa nzuri zaidi. Baada ya hapo ni miaka mitatu ya chuo, kutoka ngazi ya 4 hadi ya 6, na huko kote ni mitihani, majaribio na mafunzo ya vitendo wodini. Mwisho unakutana na Baraza la Uuguzi na Ukunga, ambalo ndilo linalosajili na kutoa leseni. Bila leseni, hugusi mgonjwa.

Tatu, na hii ndiyo kubwa: mwanafunzi wa uuguzi akisahau alichosoma, anayeumia ni mtu mwingine.

AIBU YANGU MWENYEWE

Ngoja nikuambie yaliyonipata. Mimi nilisomea uuguzi chuo kikuu. Sekondari nilikuwa natajwa kuwa mwenye kichwa. Mtindo wangu wa kusoma ulikuwa mmoja tu: nasubiri mpaka mtihani ukaribie, halafu nakesha siku tatu mfululizo. Nasoma daftari lote, narudia tena, napiga mstari kwa kalamu nyekundu kila penye neno gumu, mpaka daftari linaonekana kama limechinjiwa kuku. Asubuhi naingia kwenye pepa, namwaga yote, natoka. Nilifaulu. Kwa hiyo sikuona ubaya wowote.

Nilipofika chuo, mwaka wa kwanza nikaendelea na mtindo uleule. Muhula wa kwanza nikapata sapu ya somo la mwili unavyofanya kazi. Nikajipa moyo kwamba mwalimu ametunga mtihani mgumu. Nikakesha tena, nikairudia, nikapita.

Kilichonizindua kilikuja baadaye, wodini. Mkufunzi alitusimamisha wanafunzi sita kando ya kitanda cha mama mmoja. Akanigeukia mimi: "Daktari ameandika mgonjwa apewe maji ya dripu mililita 1000 kwa saa 8. Seti hii inatoa matone 20 kwa kila mililita. Utaweka matone mangapi kwa dakika?"

Msomaji, hesabu hiyo nilikuwa nimeipata kwenye mtihani, tena kwa alama nzuri. Lakini pale kichwa kilikuwa kitupu kabisa. Nikabaki natazama ile dripu. Mama mgonjwa akanitazama usoni, akamwambia mkufunzi kwa sauti ya chini, "Mwanangu, huyu asinishike." Hakusema kwa ubaya. Aliogopa, na alikuwa na haki ya kuogopa.

Hesabu yenyewe ni hii, nawe unaiweza. Mililita 1000 mara matone 20 ni matone 20,000. Saa 8 ni dakika 480. Gawanya: unapata 41 na ushee, unaweka 42 kwa dakika. Ni kuzidisha na kugawanya tu. Niliijua usiku wa kuamkia mtihani. Wiki chache baadaye haikuwepo.

KICHWA KINASAHAU KWA KAWAIDA

Siku ile nilidhani nina kasoro. Baadaye nikajifunza kwamba sina kasoro, na wewe huna. Kichwa cha binadamu ndivyo kilivyo. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha kitabu mwaka 1885 kueleza majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alikariri orodha za silabi zisizo na maana, kisha akapima baada ya muda amesahau kiasi gani. Akaona kwamba sehemu kubwa hupotea mapema sana, ndani ya saa na siku za kwanza. Kinachobaki baada ya hapo hupungua polepole.

Sasa jaribio la karibu zaidi na letu. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu habari fupi za sayansi wazisome. Kundi moja lilisoma habari hiyo katika vipindi vinne, kurudia na kurudia. Kundi jingine lilisoma kipindi kimoja tu, halafu vipindi vitatu wakafunika karatasi na kuandika kila walichokikumbuka.

Baada ya dakika tano wakapimwa. Waliosoma mara nyingi walikumbuka asilimia 83, na waliojipima asilimia 71. Ukiishia hapo utasema kurudia kusoma ndiyo dawa. Lakini wengine walipimwa baada ya wiki moja, na mambo yakageuka. Waliosoma mara nyingi walibaki na asilimia 40. Waliojipima walibaki na asilimia 61.

Umeona mtego ulipo? Ukisoma daftari mara ya nne, macho yanayatambua maneno, unajisikia unajua. Kutambua neno ukiliona ni rahisi. Kulitoa kichwani wakati daftari limefungwa ndiyo kazi, na hiyo ndiyo kazi utakayoulizwa kwenye mtihani na kando ya kitanda cha mgonjwa.

Mwaka 2013 kundi jingine la watafiti, likiongozwa na John Dunlosky, lilipitia mbinu kumi za kusoma zinazopendwa na wanafunzi. Mbinu mbili zikapewa alama ya juu: kujipima mwenyewe, na kusoma kwa vipande vilivyoachiana siku. Kupiga mistari kwenye maandishi na kurudia kusoma zikawekwa chini. Kalamu yangu nyekundu ikaumbuka.

Mtu wa Mbarali hahitaji kitabu cha Marekani kuelewa jambo hili. Mpunga wa hapa unaishi kwa maji ya mfereji, na maji yanakwenda kwa zamu. Je, umewahi kumwona mzee aliyeacha shamba likauka miezi yote, halafu akafungulia maji jioni moja kabla ya kuvuna? Majirani wangesema amerogwa. Lakini sisi wanafunzi ndivyo tunavyofanya na vichwa vyetu kila mwezi wa mtihani.

YALIYOTOKEA HAYDOM

Sasa nikupeleke kaskazini, mkoa wa Manyara, kwenye Hospitali ya Kilutheri ya Haydom. Habari hii naipenda kwa sababu inahusu wakunga na wauguzi wa Tanzania wenyewe.

Mtoto akizaliwa bila kupumua, kuna muda mfupi sana wa kumwokoa. Wakunga huuita dakika ya dhahabu. Ndani ya dakika hiyo moja mkunga anatakiwa amkaushe mtoto, amsugue mgongo ili ashtuke, aondoe uchafu unaoziba njia ya hewa kama upo, na kama bado hapumui, aanze kumsukumia hewa kwa mfuko na kinyago. Hakuna muda wa kufungua daftari.

Mwaka 2010 watumishi wa Haydom walipewa mafunzo ya siku moja ya kazi hiyo, wakifanya mazoezi kwa mdoli. Miezi saba baadaye wakapimwa tena kwa mdoli, na walifanya vizuri kuliko kabla ya mafunzo. Lakini watafiti waliokuwa wakiangalia chumba chenyewe cha kuzalia wakaona jambo la kusikitisha: namna ya kuwahudumia watoto halisi haikuwa imebadilika. Mafunzo yalikuwepo na alama zilikuwepo, lakini mikono ilikuwa ileile ya zamani.

Wangeweza kuleta semina kubwa zaidi ya wiki nzima. Walifanya kinyume chake. Kuanzia mwaka 2011 waliweka mdoli palepale kazini, na watumishi wakafanya mazoezi mafupi ya dakika tatu hadi tano kila wiki, na ya dakika arobaini kila mwezi. Dakika tatu! Ni muda wa kupanga foleni ya uji.

Walipolinganisha mwaka wa kabla na mwaka wa baada, vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1000 waliozaliwa. Fanya hesabu: ni karibu watoto wanne zaidi waliobaki hai katika kila elfu. Baadaye mpango uliojengwa juu ya mazoezi ya namna hii, pamoja na vifaa bora, ulipelekwa kwenye hospitali na vituo vya afya 30 katika mikoa mitano ya Tanzania. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yalionyesha vifo vya watoto wachanga vimepungua huko pia.

Watumishi wa Haydom hawakuwa wavivu mwaka 2010, wala hawakuwa wajinga. Walikuwa watu walewale. Kilichobadilika ni tabia ya kujifunza: kutoka siku moja kubwa, kwenda kidogo kidogo kila wiki.

Ndiyo maana nilikwambia kusahau kwa mwanafunzi wa uuguzi kunamgusa mtu mwingine. Na tabia hiyo haianzi siku ya kuvaa sare. Inaanza kidato cha kwanza, cha pili, cha tatu.

FANYA HIVI

Baada ya aibu ile ya wodini nilibadilika. Mwaka wa pili na kuendelea sikupata sapu tena. Hivi ndivyo nilivyofanya, na ndivyo nilivyowaona wenzangu waliofanya vizuri wakifanya.

1. Funga daftari, kisha andika. Jioni ya siku uliyofundishwa, chukua dakika kumi. Usisome kwanza. Andika kwenye karatasi ya kubomoa, au hata kwa kijiti ardhini, yote unayokumbuka. Kwa mfano: moyo una vyumba vingapi, damu inaingilia wapi na kutokea wapi? Halafu fungua daftari uone ulichokosa. Ulichokosa ndicho cha kusoma.

2. Rudia kwa kuachia siku. Jipime tena kesho yake, tena baada ya wiki, tena baada ya mwezi. Kila mara ni dakika chache. Ukiona unaanza kusahau halafu ukakumbuka kwa kujikamua, usikate tamaa. Kule kujikamua ndiko kunakojenga.

3. Tengeneza kadi. Kata boksi la biskuti au kalenda ya mwaka jana. Mbele andika swali, nyuma jibu. Zifunge kwa mpira, ziweke mfukoni. Binamu yangu alisoma Kemia nzima akisubiri maji kisimani.

4. Fanya maswali ya mitihani iliyopita, tena kwa saa. Usitazame majibu kwanza. Ukitazama jibu ukasema "aa, hili nilikuwa nalijua", unajidanganya.

5. Mfundishe mwenzako. Kaeni watatu au wanne, msizidi. Kila mmoja aje na mada moja na aieleze bila daftari, wengine waulize. Mkiwa kumi mtapiga soga za mpira mpaka giza liingie.

6. Unganisha na maisha. Uwiano wa Hisabati unaouchukia ndio kipimo cha dawa. Mtoto wa kilo 12 ameandikiwa paracetamol miligramu 15 kwa kila kilo: 12 mara 15 ni miligramu 180. Kama chupa inasema kila mililita 5 zina miligramu 120, atapewa mililita 7.5. Ukikosea nukta, ukampa 75, unaweza kuharibu ini la mtoto. Ukiifikiria hivyo, Hisabati inaacha kuwa adhabu.

MASWALI YALIYOULIZWA

Nilipomaliza nikawaomba waulize. Waliuliza kwelikweli!

"Madam, mimi naweka miguu kwenye beseni la maji baridi ili nisilale, nasoma mpaka saa kumi. Ni vibaya?"

Mdogo wangu, toa miguu kwenye beseni ukalale. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Ukiwa umelala, ubongo unaendelea kuyapanga na kuyaimarisha uliyojifunza mchana. Unapokesha unaharibu mara mbili: ya leo hayashiki, na ya kesho darasani huyasikii kwa kusinzia. Usitumie wala usijaribu vidonge vya kufukuza usingizi. Soma saa moja jioni kila siku, lala ndani ya chandarua, amka mapema ukitaka.

"Dada, mimi nikitoka shule napika, natunza wadogo zangu, na mpunga ukikaribia kukomaa nakwenda kuwinga ndege. Hizo dakika nazitoa wapi?"

Huyu alikuwa msichana wa kidato cha tatu. Aliuliza kwa upole lakini macho yalikuwa makali. Sikutaka kumdanganya. Nilimwambia: ni kweli, mzigo wako ni mkubwa kuliko wa wengine, na siyo haki. Ila angalia jambo moja. Mtindo wa kukesha unamfaa mtu mwenye usiku mzima wa bure, taa na chumba chake. Mtindo wa dakika kumi kumi ndio unaokufaa wewe. Kadi zinaingia kwenye mfuko wa kanga. Ukiwa shambani unawinga ndege, kati ya kundi na kundi unaweza kujiuliza maswali matano. Wakati sufuria la maharage liko jikoni, mfundishe mdogo wako wa darasa la tano namna mmea unavyotengeneza chakula. Ukiweza kumwelewesha yeye, umeelewa.

Halafu zungumza nyumbani kwa heshima. Sema, "Mama, nikimaliza kuosha vyombo, naomba nusu saa ya kusoma kabla hujanituma tena." Ombi dogo lenye muda unaojulikana linakubalika kuliko malalamiko. Ukishindwa, mwone mwalimu unayemwamini azungumze na wazazi.

Na wewe kaka unayesoma hapa: dada yako anaosha vyombo sasa hivi wakati umeshika gazeti? Inuka, chukua ndoo. Mikono ya mwanaume haikatiki kwa kuosha sufuria. Isitoshe, uuguzi una wanaume wengi, na huko wodini utamwosha mgonjwa.

"Kiingereza kinanishinda. Naelewa kwa Kiswahili lakini kwenye mtihani nakwama."

Wengi mko hapo, na mimi nilikuwa hapo. Elewa kwanza kwa lugha inayoingia, eleza kwa Kiswahili mpaka uone picha kichwani. Kisha jifunze kuiandika kwa Kiingereza sentensi fupi tano, zako mwenyewe, na ujipime kuziandika bila kutazama. Kukariri aya nzima ya kitabu usiyoielewa ni hatari, maana neno moja likipotea yote yanaanguka. Kila siku maneno matatu mapya ya somo, kwenye kadi. Hesabu mwenyewe: kwa wiki ni 21.

"Wengine tumezaliwa hatuna akili. Hata tukijipanga itasaidia nini?"

Kijana huyu nilitaka kumkumbatia. Mwaka 2008 watafiti wawili, Marcus Credé na Nathan Kuncel, walikusanya matokeo ya tafiti nyingi kuhusu wanafunzi wa vyuo vikuu. Waliona kwamba tabia na stadi za kusoma zinaonyesha nani atafanya vizuri karibu sawa na alama ambazo mtu aliingia nazo chuoni. Maana yake, aliyeingia na alama za kawaida lakini ana tabia nzuri ya kusoma anaweza kusimama sawa na yule aliyeitwa kichwa. Mimi niliyeitwa kichwa nilipata sapu, je, umesahau?

Sisemi kwamba tabia ya kusoma inamaliza kila tatizo. Shule isiyo na mwalimu wa Fizikia ina tatizo, na mtoto mwenye njaa ana tatizo. Hayo tuyapiganie pamoja na wazazi na viongozi. Lakini katika yote yanayokuzunguka, tabia hii ndiyo unayoweza kuibadilisha leo jioni bila kumwomba mtu hela.

KABLA HUJAFUNGA GAZETI

Wakati naondoka, yule kijana wa kidato cha pili aliyekaa nyuma alinifuata mpaka barabarani nikisubiri gari la Mbeya. Akasema, "Madam, niulize." Nikamuuliza: mililita 1000, saa 8, matone 20 kwa mililita? Akafumba macho, akahesabu kwa vidole, lori likapita, akaanza upya. Mwisho akasema, "Arobaini na mbili." Nikampa mkono. Kisha nikamwambia, "Jiulize tena wiki ijayo." Akacheka, lakini alinielewa.

Na wewe msomaji, hebu funga gazeti hili sasa. Chukua karatasi ujibu bila kuchungulia:

- Waliojipima na waliorudia kusoma, nani alikumbuka zaidi baada ya wiki, na kwa asilimia ngapi?
- Haydom walibadilisha nini mwaka 2011?
- Mtoto wa kilo 10 ameandikiwa miligramu 15 za paracetamol kwa kila kilo. Kwa chupa ileile, atapewa mililita ngapi?
- Wewe na wenzako jadilianeni: nyumbani kwenu nani hana muda wa kusoma, na nani anaweza kumpunguzia kazi?

Ukikosa, usione aibu. Fungua, angalia, funga. Kisha keshokutwa jaribu tena.